Namna ya Kutambua Metali ya Sarafu za Zamani Ukiwa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, hasa zile za Magomeni, Ilala na Temeke ambako ukoo mmoja umekaa kwa vizazi viwili au vitatu, lipo kopo, bahasha au kijaluba chenye sarafu ambazo hakuna anayezitumia tena wala anayethubutu kuzitupa. Kwetu lilikuwa kopo la maziwa ya unga ambalo bibi alilihifadhi mvunguni mwa kitanda, na ndani yake mlikuwa na senti zenye tundu, shilingi za Mfalme George, rupia moja, na pesa mbili za wakati wa Wajerumani zilizokuwa nyeusi kama mbegu za ubuyu zilizochomwa. Bibi alipofariki, ndugu yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, alizisugua pesa zile mbili kwa limau na majivu ili zipendeze kabla ya kugawana urithi. Ziling'aa kweli, zikawa na wekundu wa shaba mpya, lakini manyoya ya tai yaliyokuwa yamechongwa juu yake yalifutika, na tarakimu za mwaka zikabaki kama kivuli. Sarafu iliyopita mikono ya watu kwa zaidi ya miaka 100 iliharibiwa kwa dakika kumi za kusuguliwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayelishika kopo kama lile leo na anataka kujua kilichomo. Metali ya sarafu inaweza kujulikana bila kuikwaruza, bila kuisugua na bila kuitia tindikali. Vinavyohitajika ni macho, sumaku, mizani ndogo na glasi ya maji, na ni vizuri vitumike kwa mpangilio huohuo, kwa sababu kila hatua hupunguza kazi ya hatua inayofuata.

Anza kwa kusoma. Shika sarafu kwa ukingo wake, kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiwa umetandika kitambaa laini mezani ili ikiponyoka isigonge sakafu. Iweke karibu na dirisha wakati wa asubuhi, mwanga ukiipiga kwa ubavuni, na maandishi yaliyofifia yatajitokeza yenyewe. Tafuta mambo matatu: mwaka, jina au sura ya mtawala, na herufi ndogo yoyote iliyojificha karibu na ukingo au chini ya mchoro. Kwa sarafu zilizotumika katika pwani yetu, mambo hayo matatu mara nyingi yanatosha kukutajia metali kabla hujagusa kifaa chochote.

Ukikuta tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka kati ya 1890 na 1892, hiyo ni pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, nayo ni shaba. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Rupia yenyewe, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai, ni fedha ya sehemu 917 kwa 1,000, kipimo kilekile cha rupia ya India ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameizoea na kuiamini. Kuanzia mwaka 1904 rupia iligawanywa kwa heller 100, na hapo ndipo tulipopata neno hela. Heller moja na nusu heller zilitengenezwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Heller 5 ya miaka ya 1908 na 1909 nayo ilikuwa ya bronzi, kubwa na nzito mno, kisha ikafuatiwa na sarafu ndogo zaidi, nyeupe, yenye tundu katikati, iliyotengenezwa kwa shaba na nikeli.

Zitazame herufi ndogo. Herufi A maana yake sarafu ilipigwa chapa Berlin, na J maana yake Hamburg. Herufi T ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hiyo ni Tabora, mwaka 1916, wakati vita vilipokuwa vimekata njia za bahari na utawala wa Kijerumani ukalazimika kufua sarafu zake hapa hapa nchini katika karakana ya reli. Heller 5 za Tabora ni za shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na heller 20 zinapatikana za shaba ya njano na za shaba nyekundu pia. Michoro yake ni mikavu na kingo zake hazikulingana vizuri, kwa hiyo ukikuta ya namna hiyo usidhani ni bandia kwa sababu tu haikupendeza.

Baada ya Wajerumani zikaja senti na shilingi za Afrika Mashariki, ambazo ndizo nyingi zaidi katika makopo yetu. Senti 5 na senti 10 zenye tundu, ambazo wazee walizitunga kwenye kamba kama ushanga, ni za bronzi. Shilingi yenye simba mbele ya milima ndiyo inayohitaji umakini, kwa kuwa ilibadilika metali bila kubadilika sura wala ukubwa. Zilizopigwa chapa kuanzia mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha robo, sehemu 250 kwa 1,000, na sehemu zilizobaki ni shaba kwa wingi. Zile za kuanzia mwaka 1948 hazina fedha hata chembe. Ni shaba na nikeli tu. Sumni, yaani senti 50, ilifuata njia hiyohiyo. Uingereza yenyewe iliondoa fedha katika sarafu zake mwaka 1947, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili ilipaswa kuirudishia Marekani fedha nyingi iliyokuwa imekopa, na makoloni yake hayakuachwa nje ya hesabu hiyo. Kwa hiyo mtu mwenye shilingi mbili zinazofanana mkononi, moja ya 1946 na nyingine ya 1948, ameshika mwisho wa zama moja na mwanzo wa nyingine.

Neno sumni lenyewe linastahili kutajwa. Maana yake ya asili ni sehemu moja ya nane, na iliyokuwa ikigawanywa kwa nane ni riale, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Riale hiyo ina mtego mmoja: kila moja imeandikwa mwaka 1780, hata iliyotengenezwa katika karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki walikataa kupokea yenye mwaka mwingine. Hapa kusoma mwaka hakukusaidii kujua umri, ila metali inajulikana: ni fedha ya sehemu 833 kwa 1,000.

Sarafu za Jamhuri ni rahisi zaidi. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1966, na sarafu za mwaka huo zote zilikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere: senti 5 yenye samaki, ya bronzi, senti 20 yenye mbuni, ya shaba ya njano iliyotiwa nikeli kidogo, senti 50 yenye sungura na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, zote mbili za shaba na nikeli. Shilingi 5 iliyofuata miaka ya 1970, ile yenye pembe kumi iliyoitwa dala na kuyapa mabasi yetu jina la daladala kwa kuwa ndiyo ilikuwa nauli, nayo ni shaba na nikeli. Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mchanganyiko huo mweupe una shaba robo tatu. Nikeli robo moja tu inatosha kuufuta wekundu wote wa shaba, ndiyo maana rangi peke yake ni shahidi asiyeaminika.

Hatua ya pili ni sumaku. Huna haja ya kununua. Sumaku ya spika mbovu inafaa sana. Usiigongeshe kwenye sarafu, bali isogeze taratibu kutoka ubavuni na utazame kama sarafu inavutwa. Dhahabu, fedha, shaba, bronzi, shaba ya njano na alumini havivutwi. Chuma huvutwa, na nikeli tupu pia huvutwa, lakini nikeli iliyochanganywa na shaba mara tatu yake haivutwi. Chukua sarafu za matumizi ya leo ujizoeze. Shilingi 50 na shilingi 100, pamoja na umanjano wake wote, zitaruka kuifuata sumaku kwa sababu ndani yake ni chuma cha pua kilichovikwa ngozi nyembamba ya shaba ya njano. Shilingi 500 iliyotoka mwaka 2014, yenye sura ya Mzee Karume na nyati, pia itaruka, kwa kuwa ni chuma kilichovikwa nikeli. Shilingi 200 ya mwaka 1998, yenye simba, haitatikisika. Hiyo ni shaba, nikeli na zinki.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuweka shilingi moja ya mwaka 1966 karibu na shilingi moja ya mwaka 1987. Mwenge ni uleule na thamani iliyoandikwa ni ileile, ila ya 1966 inabaki mezani na ya 1987 inaifuata sumaku, kwa kuwa kufikia wakati huo chuma kilichovikwa nikeli kilikuwa kimechukua nafasi ya shaba. Sababu yake ni bei. Shilingi inaposhuka thamani huku shaba ikipanda, inafika siku ambapo metali iliyomo ndani ya sarafu ina bei kubwa kuliko namba iliyoandikwa juu yake, na sarafu huishia kwenye tanuri la wayeyushaji badala ya kuzunguka sokoni. Chuma ni rahisi, hivyo hakuna anayehangaika kukiyeyusha.

Sumaku ina kazi nyingine muhimu katika mji wetu. Yako maneno mengi ya mitaani kuhusu rupia za Mjerumani zenye nguvu za ajabu, zinazovuta vitu au zinazouzwa kwa mamilioni, na wapo watu wazima, wenye akili zao, waliouza viwanja kwa ajili ya maneno hayo. Rupia halisi ni fedha na shaba kidogo, na hakuna kimojawapo kinachovuta wala kuvutwa. Mtu akikuonyesha rupia inayonasa sindano au inayonaswa na sumaku, amekuonyesha chuma, na mazungumzo yaishie hapo.

Sarafu ikivuka sumaku, ipime uzito. Mizani inayosoma gramu nzima tu haitoshi. Tafuta ile ndogo ya kidijitali wanayotumia masonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Rupia, iwe ya India au ya Kijerumani, ilitoka kiwandani ikiwa na gramu 11.66. Riale ya Maria Theresa ni gramu 28.07. Shilingi ya Afrika Mashariki ni gramu 7.78. Sarafu iliyotumika sana hupungua kidogo kwa kuchakaa, hivyo rupia ya gramu 11.5 isikutie hofu, lakini rupia ya gramu 10 inayoonekana mpya ina maelezo ya kutoa.

Kisha ni maji, hatua ambayo hunifurahisha kila ninapoifanya. Kila metali ina densiti yake, yaani uzito wa kila sentimita moja ya ujazo: dhahabu 19.3, risasi 11.3, fedha 10.5, shaba karibu 9, nikeli 8.9, chuma 7.9, zinki 7.1, na alumini 2.7 tu. Anayetaka kughushi anaweza kuiga sura, rangi na hata uzito wa sarafu, lakini kuviiga vyote pamoja na ujazo wake ni vigumu sana.

Weka glasi nyepesi yenye maji nusu juu ya mizani na ubonyeze kitufe cha kurudisha namba kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, uishike ikining'inia, na uizamishe yote ndani ya maji bila kugusa kuta wala kitako cha glasi. Namba itakayotokea kwenye mizani ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo wa maji ina gramu moja, namba hiyo ndiyo ujazo wa sarafu. Ugawe uzito wa sarafu kwa namba hiyo, utapata densiti. Vipovu vya hewa vilivyonata kwenye maandishi huharibu hesabu, kwa hiyo tone moja la sabuni ya maji ndani ya glasi linasaidia, na feni ya darini izimwe, kwani upepo wake unatosha kuyumbisha tarakimu ya mwisho. Rudia mara tatu. Ukimaliza, gusagusa sarafu kwa kitambaa laini cha pamba ili kinyonye maji, bila kuisugua, kisha iache ikauke kabisa.

Rupia ya bibi, ya mwaka 1905, ilikuwa na gramu 11.58, na ilipozama mizani ikaandika 1.12. Kugawanya kunatoa 10.34, na hicho ndicho kipimo ambacho mtu hutarajia kwa fedha ya sehemu 917. Wiki hiyohiyo jirani yangu aliniletea rupia aliyoinunua kwa bei ya kuumiza, nyeupe na safi, yenye Kaisari wake vilevile. Sumaku haikuishika. Uzito wake ulikuwa gramu 9.90, na maji yakaandika 1.15. Jibu ni 8.6, densiti ya shaba ya njano iliyopakwa weupe kwa juu. Alikaa kimya kwa muda mrefu akiitazama ile namba, kisha akaniuliza, "Kaka, maji haya hayawezi kukosea?" Tulirudia mara nne, na mara zote maji yalisema jambo lilelile.

Njia hii ina mipaka ambayo ni lazima uijue. Haitakutenganishia shilingi ya 1946 na ya 1948, kwa sababu densiti ya ile yenye fedha robo ni kama 9.2 na ya shaba na nikeli ni 8.9, na kwa kitu cha gramu 7.78 tofauti ya maji yanayosukumwa ni kama sehemu tatu za mia za gramu, jambo ambalo mkono unaotetemeka kidogo tu unalifuta. Hapo amini mwaka ulioandikwa. Kwa dhahabu, kinyume chake, maji yanasema kwa sauti kubwa. Sarafu ya dhahabu ya Tabora ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, ilitengenezwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ikiwa na sehemu 750 kwa 1,000 na uzito wa gramu 7.17, kwa hiyo inasukuma chini kidogo ya nusu gramu ya maji. Ya shaba ya njano yenye ukubwa uleule ingekuwa na uzito wa gramu 4 hivi. Nakala zake ni nyingi mno, na nashauri usiamini hata moja mpaka umeizamisha.

Kuhusu mlio, wazee wetu waliitambua fedha kwa kuidondosha juu ya kaunta na kusikiliza. Ni kweli kwamba fedha hulia kwa muda mrefu na kwa sauti nyembamba, lakini sarafu yenye ufa hubweka kama bati hata ikiwa fedha halisi, na kuidondosha kunaitia kovu. Sioni sababu ya kuitumia njia hiyo leo.

Ukimpelekea sonara wa Kariakoo, mweleze mapema kwamba hutaki jiwe la kupimia wala tindikali, kwa kuwa vyote viwili huacha alama isiyofutika. Baadhi ya wanunuzi wa dhahabu wana mashine ya eksirei inayosoma metali bila kugusa, na hiyo ni salama, ila husoma ngozi ya juu tu. Sarafu iliyovikwa dhahabu nene inaweza kuidanganya. Majibu yake yaweke pamoja na majibu ya maji, na yakipingana, yaamini maji.

Kuna aina moja ya sarafu ambayo sitakushauri uipime wala kuiuza. Ukipata, pengine Kilwa, Mafia au katika shamba la pwani, kipande kidogo cha shaba chenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili bila mwaka, huenda ni sarafu ya masultani wa Kilwa, ambao walifua shaba yao wenyewe mamia ya miaka kabla ya Mreno kufika, na maandishi ya pande zake mbili yalitungwa yawe na vina. Sarafu kama hizo zimefika mbali: 5 ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 lilipatikana fungu la sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kufukua bila kibali ni kosa. Piga picha, andika mahali hasa ilipokuwa, usiisafishe, kisha toa taarifa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Sarafu isiyojulikana ilikotoka hupoteza nusu ya habari zake, hata kama metali yake inajulikana.

Kilichobaki ni kuhifadhi, na hapa mji wetu ni mgumu. Hewa ya Dar es Salaam ina joto, unyevu na chumvi ya bahari, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa shaba. Weusi au ukahawia mkavu ulioshika sawasawa juu ya shaba ni ngozi inayoilinda, usiuguse. Unga wa kijani kibichi unaochipuka kama ukungu na kurudi kila ukifutwa ni ugonjwa, na sarafu hiyo itengwe na wenzake mara moja. Kama kuna vumbi au mchanga tu, iloweke katika maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, ukihakikisha kwa macho yako kwamba hukupewa tindikali, halafu uiweke juu ya karatasi laini ikauke bila kusuguliwa. Dawa za kung'arisha, limau, majivu, dawa ya meno na maji ya kuondoa madoa ya nguo visiikaribie.

Usizirudishe kwenye mfuko wa plastiki laini, kwani baada ya miaka michache aina hiyo ya plastiki hutoa utando wa kijani unaonata. Bahasha ndogo za karatasi zinatosha, moja kwa kila sarafu, ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Juu ya kila bahasha andika kwa kalamu ya risasi mwaka, uzito, namba ya maji, kama sumaku iliishika, na aliyekuwa nayo kabla yako. Za kwetu sasa ni bahasha 31. Pesa zile mbili zilizosuguliwa nazo zina bahasha zake, na shaba imeanza tena kuwa kahawia.